Mustang ya zamani: ubaki na usukani wa pawa au urudi kwenye usukani wa mkono?

Mwenye Mustang, lile gari la Ford, iliyotengenezwa kati ya mwaka 1965 na 1970 analijua doa ninalolisema. Unafungua gereji asubuhi, unamulika sakafuni, unakuta oili nyekundu imedondoka chini ya gari upande wa dereva. Unafuta, unaongeza oili kwenye pampu, wiki ikipita doa limerudi. Ukibadilisha mpira mmoja, panaanza kuvuja pengine. Ndipo linapokuja wazo: kwa nini nisiung'oe mfumo huu wote wa pawa, gari lirudi kwenye usukani wa mkono, yaani usiosaidiwa na oili?

Nilikaa na swali hilo msimu mzima wa baridi, gari likiwa juu ya stendi. Ni la mwaka 1966, milango miwili, V8 ya inchi za ujazo 289, na lilitoka kiwandani na pawa. Naishi Marekani, ambako spea za gari hili zinapatikana kama njugu, mpya na za zamani, na wingi huo ndio unaomchanganya mtu. Kila duka lina suluhisho lake la kukuuzia. Nitaziweka njia mbili kuu ubavu kwa ubavu, kutengeneza pawa iliyopo au kuiondoa kabisa, na nitasema wazi ninakoegemea.

Pawa ya Mustang si kama ya gari la leo

Ukishaelewa jambo hili, nusu ya uamuzi umeshaufanya.

Kwenye magari mengi yenye boksi la stelingi, lile boksi la meno linalopokea mzunguko wa usukani na kuupeleka kwenye tairi, nguvu ya oili inafanya kazi ndani ya boksi lenyewe. Ukitaka kuondoa pawa, unaondoa boksi zima na kutafuta jingine. Mercedes nyingi za miaka ya 70 ziko hivyo, na Chevrolet nyingi za miaka hiyo vilevile. Ford walifanya vingine kwenye Mustang za mwanzo. Walichukua boksi la kawaida lisilo na oili ya shinikizo ndani yake, wakaifunga pawa nje, kwenye vyuma vinavyounganisha tairi mbili za mbele.

Kuna vitu vinne: pampu inayozungushwa na belti ya injini, mipira ya oili (mabomba ya mpira yanayoipitisha), vavu ya kuongoza oili, na silinda ndefu yenye fimbo. Vavu imefungwa kwenye ncha ya chuma kirefu cha katikati, pale kinapokutana na mkono wa boksi, ule ambao mafundi huuita pitmani. Ukizungusha usukani, pitmani inasukuma kijiti ndani ya vavu. Kijiti kinasogea kidogo tu, kinafungua njia ya oili, oili inakwenda kwenye silinda. Fimbo ya silinda imeshikwa na fremu, kwa hiyo silinda yenyewe inakisukuma chuma cha katikati kushoto au kulia. Mikono yako inatoa amri, silinda inabeba mzigo.

Uzuri wake ni kwamba vyote vinne vinafunguka bila kugusa boksi. Ubaya ni kwamba vavu na silinda vinaning'inia chini ya injini, kwenye vumbi, tope na chumvi ya barabara za baridi, na kila ungio ni mahali pa kuvujia. Fimbo ya silinda ikishapata vidonda vya kutu, hakuna mpira utakaoshika oili hapo. Utaubadilisha, nao utaliwa tena.

Uzito mikononi

Watu wengi wanaogopa usukani wa mkono kwa sababu hawajauendesha, au wameujaribu kwenye gari bovu. Mimi nimejifunza gari Tanga, kwenye Land Rover 109 ya mjomba wangu ambayo haikuwahi kujua pawa ni nini. Somo la kwanza alilonipa halikuhusu klachi wala gia. "Usikate usukani gari limesimama, mwanangu. Liache litembee kwanza, hata kama ni shubiri moja." Nilikuwa namjibu "Ndiyo, mjomba," kisha nakata vilevile, hadi mabega yalipouma. Tairi iliyosimama inabidi isuguliwe papo hapo juu ya lami. Tairi inayobingirika, hata polepole sana, inapokea mwelekeo bila kusuguliwa vile. Tofauti ya nguvu ni kubwa mno, na anayeijua hiyo anaishi na usukani wa mkono bila tabu.

Sasa hesabu. Mustang ya kawaida ya 1965 na 1966 isiyo na pawa ilikuwa na uwiano wa jumla wa takriban 27 kwa 1. Yenye pawa ilikuwa takriban 22 kwa 1. Maana yake ni hii: ili tairi za mbele zikate nyuzi 30, kwenye gari la mkono unazungusha usukani mara mbili na robo. Kwenye gari la pawa unazungusha chini kidogo ya mara mbili. Ford waliweka boksi la haraka zaidi kwenye magari ya pawa kwa kuwa silinda ndiyo ilikuwa inafanya kazi ngumu.

Hapa ndipo wengi wanapotegwa. Ukiondoa pawa na kuliacha boksi lile lile, unabaki na usukani wa mkono wenye mwendo wa haraka. Nguvu unayotakiwa kutoa inapanda kwa karibu robo ukilinganisha na gari lililozaliwa bila pawa. Halafu mtu huyo huyo anakwenda kununua usukani mzuri wa mbao wenye kipenyo cha inchi 14 badala ya ule wa asili wa inchi 16. Amepoteza mkono wa nyenzo kwa mara nyingine. Ukizidisha hayo mawili, uzito umepanda kwa asilimia 40 hivi. Kisha anasema usukani wa mkono haufai.

Kwa hiyo ulinganisho wa kweli una pande tatu:

| | Uwiano wa jumla | Ukiegesha | Barabara kuu | Kona za milimani |
|---|---|---|---|---|
| Pawa nzima, boksi la haraka | takriban 22 kwa 1 | mwepesi sana | mwepesi kupita kiasi, hauhisi barabara | haraka, lakini hauna habari |
| Mkono, boksi la haraka | takriban 22 kwa 1 | mzito | mzuri sana | bora kuliko yote |
| Mkono, boksi la kawaida | takriban 27 kwa 1 | wastani | mtulivu | unazungusha sana |

Kusema "hauna habari" si kuidharau pawa. Pawa ya miaka ya 60 iliundwa ili mtu aweze kuzungusha usukani kwa kidole kimoja, na wanunuzi wa wakati ule walilipa zaidi ili kuupata wepesi huo. Lakini wepesi huo unakata mazungumzo kati ya tairi na viganja. Kwenye usukani wa mkono unaisikia lami: unajua tairi zinaposhika, na unajua zinapoanza kuteleza kabla gari halijasogea. Mara ya kwanza nilipoendesha Mustang ya mwenzangu isiyo na pawa kwenye barabara ya mashambani, nilishusha vioo, nikaenda kilomita nyingi kuliko nilizoruhusiwa. Shelby GT350 ya mwaka 1965, iliyotengenezwa ili ishinde mashindano, ilitoka na usukani wa mkono wenye mwendo wa haraka. Waliijenga hivyo kwa makusudi.

Kabla ya kuilaumu pawa

Nawaomba sana wenzangu wafanye jambo hili kabla ya kununua hata boliti moja. Pandisha gari kwa jeki, weka stendi, ingia chini, mwambie mtu atikise usukani kushoto na kulia taratibu huku umeshika kila ungio kwa kiganja. Mara nyingi utakuta usukani unacheza kwa sababu tairodi, vile vyuma vinavyounganisha chuma cha katikati na tairi, zimeisha, au aidola, ule mkono wa upande wa abiria unaoshika ncha ya pili ya chuma cha katikati, bushi yake imekufa. Wakati mwingine boliti za boksi zimelegea kwenye fremu. Wakati mwingine boksi lenyewe limekauka, halina grisi wala oili.

Hayo yote yatabaki pale pale ukiondoa pawa, na yatakuwa mabaya zaidi kwa sababu silinda ya oili ilikuwa inayaficha.

Boksi lina skrubu ya kurekebisha juu yake. Ni kishawishi kikubwa. Mtu anaona usukani unacheza, anaikaza robo mzunguko, unacheza kidogo, anaikaza tena. Boksi hili limetengenezwa liwe limekaza katikati, gari likienda mbele, na lilegee kidogo pembeni. Likishalika katikati kwa miaka 50, ukilikaza hadi katikati pawe sawa, pembeni litabana. Ukitoka kwenye kona usukani haurudi wenyewe, na meno ya ndani yanasagana. Boksi lililofika hapo lifunguliwe na fundi anayelijua, au libadilishwe.

Njia ya katikati

Kuna watu hutoa belti ya pampu wakasema wameshabadilisha. Wengine hukata mipira ya oili, huziba matundu, huacha vavu na silinda mahali pake. Nilifanya jaribio hilo wiki moja. Najuta.

Vavu ile ina kijiti kinachosogea kabla ya kufungua oili. Ndivyo inavyofanya kazi, lazima isogee. Oili ikiwapo, mwendo huo hauuoni, kwa kuwa silinda inajibu papo hapo. Oili isipokuwapo, kila unapogeuza usukani unapita kwanza kwenye ombwe hilo, kisha chuma kinagonga chuma, ndipo tairi zinaanza kusikia. Gari linayumba barabarani kama mashua isiyo na usukani, na unalirekebisha kila dakika. Juu ya hayo unaikokota silinda, ambayo sasa haina kazi nyingine ila kukupinga. Lori likinipita kwa upepo nilikuwa nashika usukani kwa mikono miwili na roho mkononi.

Kama unaondoa, ondoa vyote: pampu, mabano yake, mipira, vavu, silinda na bano la silinda kwenye fremu. Kisha weka chuma cha katikati cha gari lisilo na pawa, ambacho kina ncha yake yenyewe ya kuingia kwenye pitmani. Hakuna nusu.

Kazi yenyewe, upande kwa upande

Kutengeneza pawa iliyopo kunahitaji subira kuliko nguvu. Vavu inafunguliwa mezani, inasafishwa, inatiwa mipira mipya, na kijiti chake kinawekwa katikati kwa umakini. Ukikosea hapo, gari linajivuta lenyewe upande mmoja injini ikiwaka, na hilo ni hatari. Kama hujawahi, nunua vavu iliyokwisha tengenezwa na kupimwa, ukabidhi ya zamani. Silinda ikiwa na vidonda kwenye fimbo, nunua nyingine. Mipira ya oili ibadilishwe yote kwa pamoja, na ipite mbali na bomba la moshi, kwa sababu oili ikidondokea chuma cha moto unapata moshi, na siku mbaya unapata moto. Oili inayotakiwa ni ile ya aina ya Type F iliyopendekezwa na Ford. Ukimaliza, unazungusha usukani mwisho hadi mwisho mara nyingi tairi zikiwa hewani, ili hewa itoke. Pampu ikilia, hewa bado ipo.

Kubadilisha kwenda mkono ni kazi ya kutwa nzima kwa mtu mwenye zana, au siku mbili kama nati zimeshikwa na kutu. Ugumu uko kwenye kununua vitu vinavyoendana, na hapo Ford hawakuturahisishia.

Kwanza, vyuma vya silinda sita si vya V8. Gari la silinda sita la 1965 au 1966 lina boliti nne kwenye tairi na vyuma vyembamba zaidi vya stelingi. La V8 lina boliti tano na vyuma vinene. Usichanganye hata kama muuzaji anakwambia vinaingia. Pili, pitmani ya pawa na ya mkono si moja, na jino la boksi, yaani ncha ya shafti inayotoka boksini, ambako pitmani inakaa lilikuwa jembamba, inchi 1, kwenye magari ya mwanzo kabisa. Baadaye likanenepa hadi inchi 1 na moja ya nane. Pima kwa kalipa kabla ya kuagiza. Tatu, ulizia aidola ya gari la mkono la mwaka wako na injini yako, usidhani iliyopo itafaa. Ukiwa unainunua, chukua yenye beringi. Ile ya kawaida ina bushi ya mpira inayojipinda na kukupinga kila unapokata. Yenye beringi inazunguka kwa uhuru, na kwa gari la mkono wepesi huo utausikia siku ya kwanza.

Kutoa vyuma vya zamani, tumia zana ya kuvutia pitmani, usiipige nyundo. Kuipiga kunapeleka kishindo chote kwenye beringi za boksi. Ile uma ya kutenganisha tairodi inachana mipira ya vumbi, kwa hiyo itumie tu kwa tairodi unazozitupa. Kila nati yenye tundu la pini irudishiwe pini mpya. Usitumie ya zamani tena, na usiseme utaiweka kesho.

Belti nayo iangalie. Kwenye magari mengine pampu ya pawa ina belti yake peke yake, ukiitoa mambo yamekwisha. Gari lenye kiyoyozi linaweza kuwa na belti inayopita kwenye puli ya pampu. Hapo huwezi kuitoa pampu bila kupanga upya njia ya belti.

Na boksi? Kwa Mustang za 1965 hadi 1967, shafti ya usukani ni kipande kimoja na boksi. Ni chuma kirefu kinachopenya ukuta wa injini hadi kwenye usukani. Kulitoa boksi ni kufungua usukani, kolamu yote (nguzo inayoshika usukani), na mara nyingi vyuma vya klachi na bomba la moshi vinakuwa njiani. Kuanzia 1968 boksi linatengana na shafti kwa ungio laini, na kazi inakuwa rahisi zaidi. Ndiyo sababu watu wengi wenye magari ya 1965 na 1966 huliacha boksi la haraka wakiondoa pawa. Siwalaumu. Lakini wajue wanachochagua.

Tairi na alaimenti

Mustang ya 1966 ilitoka na tairi nyembamba, rimu za inchi 14. Ukiwa na tairi za radial, yaani za kisasa, za upana wa milimita 195 au 205, usukani wa mkono unakubalika kabisa kwa V8 ndogo, na kwa silinda sita ni raha tupu. Ukiweka tairi za milimita 235 mbele kwa ajili ya sura, sahau. Hakuna ufundi utakaokurudishia wepesi. Mwenye injini ya 390 iliyoanza kuwekwa mwaka 1967, chuma kizito kile, naye ningemwambia abaki na pawa bila kujadiliana sana.

Upepo wa tairi ni dawa ya bure. Paundi chache za ziada mbele, ndani ya kiwango cha tairi lako, zinapunguza uzito wakati wa kuegesha.

Alaimenti ndiyo wengi wanaisahau. Kuna kipimo kinachoitwa kasta, yaani jinsi mhimili ambao tairi hugeukia ulivyolala kuelekea nyuma. Kasta ikiwa kubwa, gari linakwenda mnyoofu na usukani unarudi wenyewe baada ya kona, lakini unakuwa mzito. Kwa pawa unaweza kwenda hadi nyuzi 3 hivi usiusikie uzito. Kwa mkono mimi hukomea karibu na 2. Vipimo vilivyoandikwa kwenye vitabu vya gari vya wakati ule vilikuwa vya tairi za zamani, ambazo hazikuwa radial, hivyo fundi akivifuata herufi kwa herufi gari litakuwa jepesi na litakuwa linatangatanga barabarani. Mwambie unachotaka kabla hajapandisha gari kwenye mashine.

Nani ataliendesha, na wapi

Mashine ikishalinganishwa, kaa chini ulinganishe watu. Gari langu huendeshwa na mimi, na siku za Jumamosi na mke wangu. Yeye anapenda kulipeleka sokoni, na hapo ndipo pawa ilikuwa na hoja: maegesho finyu, kurudi nyuma, kukata, kurudi tena. Nilimpa aendeshe gari la mwenzangu la mkono kabla ya kuamua chochote. Alilizungusha kwenye uwanja wa maegesho mara tatu, akaniambia, "Baba, tatizo si uzito, ni kwamba unasahau kulisogeza." Alikuwa amegundua peke yake somo la mjomba.

Lakini kama gari litaendeshwa na mzazi mwenye mabega mabovu, au mtu mwenye ganzi mikononi, au wewe mwenyewe una uhakika miaka kumi ijayo utakuwa huna nguvu hizo, tengeneza pawa. Gari la zamani lisiloendeshwa linaharibika kuliko linaloendeshwa. Usilifanye gumu kiasi cha kulikimbia.

Kwa walioko Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi wenye gari la namna hii, hoja ya spea ina uzito wa pekee. Usukani wa mkono hauna mipira ya oili wala vavu ya kuagiza kutoka ng'ambo kila inapochoka. Una grisi, bushi na tairodi, na fundi yeyote mwenye mikono atazielewa.

Fedha, na thamani ya gari

Ukijumlisha, pande zote mbili ni dola mia kadhaa za spea. Kubadilisha mipira ya ndani ya kuzuia uvujaji peke yake ni nafuu kuliko yote, lakini ukianza kununua vavu, silinda, mipira yote ya oili na pampu, unafikia au kupita bei ya vyuma vya mkono. Tofauti ni kwamba vyuma vya mkono unavilipia mara moja.

Kuhusu thamani, mnunuzi anayetaka gari la asili atauliza. Kibao cha mlangoni cha Mustang ya 1965 au 1966 kinaonyesha aina ya bodi, rangi, viti, tarehe, ekseli na gia. Hakionyeshi kama lilikuwa na pawa. Kwa magari ya kuanzia 1967 inapatikana ripoti ya Marti, iliyotokana na kumbukumbu za Ford zenyewe, na inaorodhesha kila kilichoagizwa. Kwa gari kama hilo, ukiondoa pawa mnunuzi atajua. Kila kitu ulichokitoa kiweke kwenye sanduku, kipake oili, kiandikie jina. Ni heshima kwa gari na kwa atakayelichukua baada yako.

Njia nyingine mbili, kwa ufupi

Kampuni ya Borgeson hutengeneza boksi la kisasa la pawa ambalo nguvu ya oili iko ndani yake, kwa ajili ya Mustang hizi. Vavu na silinda ya nje vinaondoka, na usukani unakuwa na hisia nzuri kuliko pawa ya zamani. Ni ghali, na bado una pampu na oili.

Nyingine ni mota ya umeme kwenye kolamu, chini ya dashibodi. Wapo wanaochukua kolamu ya Saturn Vue au Toyota Prius na kuifunga na kisanduku cha kurekebisha nguvu. Inafanya kazi, haivuji, haionekani. Lakini unakata shafti ya usukani na kuiunga kwa kuchomelea, na kazi hiyo simkabidhi mtu yeyote ambaye sijaona kazi zake. Shafti ya usukani ikikatika hakuna breki itakayokuokoa.

Nilichochagua

Niliiondoa pawa. Niliweka chuma cha katikati na pitmani za V8 isiyo na pawa, aidola yenye beringi, tairodi zote mpya. Boksi la haraka nimeliacha, baada ya kulifungulia kifuniko na kuliona limetulia. Usukani wa inchi 16 nao nimeuacha, ingawa ule wa mbao bado naupenda kwa macho. Tairi ni za 195, kasta nyuzi 2.

Kuegesha ni kazi, sitadanganya. Lakini nikitoka nje ya mji, kwenye ile barabara inayopinda kando ya mto, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye gia, naisikia kila changarawe. Sakafu ya gereji ni kavu tangu siku ile. Pampu, vavu na silinda viko kwenye sanduku la mbao juu ya rafu, vimefungwa kwenye karatasi ya oili, na juu yake nimeandika mwaka wa gari na herufi kubwa: VYOTE VIPO.